Mafuta ya nywele sokoni Lamu: yapi ununue kwanza

Mwenye pesa ya chupa moja anunue mafuta ya nazi. Hayo huingia ndani ya unywele wenyewe na kuuzuia usipoteze protini nyingi ukioshwa na kuchanwa. Yanayopikwa nyumbani ndiyo bora: nazi ikunwe kwa mbuzi, tui lichemshwe taratibu mpaka mafuta yajitenge na mashapo yageuke kahawia. Yakinuka kuungua, yaache.

Na usidanganywe na rangi. Niliwahi kuuziwa chupa safi kabisa, nikailaza ndani ya friji. Asubuhi chini kumeganda kama samli, juu kunatiririka: yalitiwa mafuta ya kupikia. Ya nazi matupu huganda yote, maana huanza kushikana joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Nunua chupa ndogo kwanza, ukajaribu.

Ya pili ni ya simsim, mepesi, mazuri ya kusugulia kichwa polepole kwa ncha za vidole usiku. Ya tatu ni ya nyonyo. Haya ni mazito mno. Ukiyapaka peke yake nywele hushikamana na kuchana huwa adhabu. Changanya kijiko kimoja na vitatu vya nazi, upake kwenye ncha. Anayekuambia nyonyo huotesha nywele penye upara hana ushahidi.

Habasoda ni ghali, na matone machache ndani ya nazi yatosha. Yajaribu kwanza mkononi, kwani huwasha baadhi ya watu. Rozmari, jani la kiungo lenye harufu kali, imepata sifa tangu utafiti wa 2015 ulioilinganisha na minoxidil ya asilimia 2, dawa ya kupaka ya kuotesha nywele, kwa miezi sita, matokeo yakakaribiana. Lakini ni utafiti mdogo, na mafuta yake makali hayapakwi bila kuchanganywa. Mwarobaini naweka mwisho: harufu yake haitoki kwenye mto, na mtoto akiyanywa ni sumu.

Dada zangu, nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi. Mafuta huzilinda zisikatike, basi. Ukisuka kwa kuvuta hadi paji la uso liume, hakuna chupa itakayorudisha nywele za mbele. Mwenye mba apunguze mafuta kichwani, kwa kuwa kuvu wa mba hula mafuta hayo hayo. Mtoto mwenye mapunye apelekwe hospitali, dawa yake ni ya kumeza.