Shajara ya mipango yenye kurasa mbili kwa kila juma: tathmini baada ya miezi 12

Nimeitumia shajara hii tangu juma la kwanza la Januari hadi siku za mwisho za Desemba, na sikuona haki kuitathmini kabla ya kuifikisha ukingoni, kwa sababu vitabu vya namna hii karibu vyote hupendeza mwezi wa kwanza. Ni ya ukubwa wa A5, yaani milimita 148 kwa 210. Kurasa zake zimeshonwa kwa uzi, kwa hiyo hulala wazi mezani bila kushikiliwa, na jalada lake ni gumu, la kitambaa. Kinachoitofautisha na nyingine ni mpangilio wa ndani: kila juma limepewa kurasa mbili zinazotazamana, wa kushoto ukiwa na kichwa "Niliyopanga" na wa kulia "Yaliyotokea". Tarehe hazikuchapwa, huziandika mwenyewe.

Nilipoinunua niliuona ukurasa wa kulia kuwa ni upotevu wa karatasi. Mimi ni mtu wa ratiba. Mwaka huo nilikuwa nikijiandaa kwa mtihani wa mwisho wa taaluma ya uhasibu, uliopangwa kufanyika Juni, na kufikia tarehe 3 Januari nilikuwa nimekwisha kuzijaza kurasa zote za kushoto hadi mwezi huo kwa kalamu ya wino: sura za kusoma, maswali ya mazoezi, siku za marudio, hata jioni za kupumzika. Nilitenga na majuma mawili ya akiba, nikaamini kwamba nimeziba kila mwanya.

Mwanzoni mwa Machi mama alipatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulilegea, maneno yakawa yanamtoka nusunusu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikiishi karibu naye kuliko ndugu zangu, uuguzi ukaniangukia. Kwa majuma matatu sikuigusa shajara. Nilipoifungua tena nilikutana na mwandiko wangu mwenyewe, nadhifu, uliopigiwa mistari kwa rula, ukiniamuru nisome sura ya 7 na ya 8 katika juma ambalo nililala kwenye kiti kando ya kitanda cha hospitali. Nililia kwa ajili ya mama, na nililia pia kwa ajili ya ule mwandiko.

Hapo ndipo ukurasa wa kulia ulipoanza kunifaa. Sikuwa na nguvu za kupanga chochote, lakini sentensi moja ya usiku niliiweza. Katika juma la pili la Aprili, kushoto pameandikwa "Marudio ya kodi, maswali 40", na mkabala wake nimeandika kwa penseli: "Mama ameshika kijiko kwa mkono wa kulia. Kimeanguka mara mbili. Mara ya tatu kimefika mdomoni." Mtaalamu wa viungo alikuwa ametueleza kwamba ahueni ya kiharusi aghalabu huja kwa kasi zaidi katika miezi 3 ya mwanzo, na kwamba ubongo hujifunza upya kwa kurudiarudia vitendo vidogo. Miezi niliyoiwekea vitabu, basi, ndiyo ile ile ambayo mkono wa mama uliihitaji. Kama kurasa hizo mbili zisingekuwa zinatazamana, sidhani kama ningeliona jambo hilo waziwazi kiasi hicho.

Mtihani niliuahirisha, ingawa ilinichukua siku nne kuliandika neno hilo kwenye karatasi. "Mipango si matumizi" ni methali niliyokuwa nimewapa wengine mara nyingi kama faraja, na nilidhani naielewa. Ilipofika zamu yangu, kukubali kulikuwa kazi ya mikono: kuikata tarehe ya Juni kwa mstari mmoja, kuiandikia barua bodi ya mitihani, kuomba kikao cha Desemba, kisha kumpelekea mama maji ya kunawa.

Nyuma ya shajara mna kurasa za kazi ndefu, na kila moja ina nafasi ya muda unaokadiria na ya muda uliotumika kweli. Naisifu sana sehemu hii. Mwaka 1979 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliieleza tabia ya binadamu ya kukadiria muda mfupi kuliko unaohitajika, hata pale anapojua kwamba kazi kama hiyo ilimchelewesha hapo awali. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1994, Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi wa chuo kikuu wangemaliza tasnifu zao baada ya muda gani. Kwa wastani walikadiria siku 34 hivi. Wakatumia zaidi ya 55. Hata walipotakiwa kukadiria kana kwamba mambo yote yangekwenda mrama, wastani wao haukufika siku 49, maana yake hofu yao yenyewe ilikuwa fupi kuliko hali halisi. Kurasa zangu zilinionyesha jambo lilo hilo: tangu Januari, mama akiwa mzima wa afya, sura nilizozipa juma moja zilikuwa tayari zinakula mawili. Kujua kwamba ratiba yangu ingeyumba kwa vyovyote kulinipunguzia lawama nyingi nilizokuwa nimejibebesha.

Kasoro zipo. Karatasi ni nyembamba, na wino huonekana upande wa pili, jambo linaloudhi kwa sababu upande huo wa pili ndio wenye nafasi ya kuandika yaliyotokea. Utepe wa kuonyesha ukurasa ulianza kufumuka Agosti. Maelezo ya mwanzoni yanahimiza kupanga mwaka wote kwa mara moja bila kumshauri mtu atumie penseli, ushauri ambao mimi ningeuweka kwenye mstari wa kwanza. Kutokuwa na tarehe, kwa upande mwingine, ni faida kubwa: Julai nilikaa majuma mawili bila kuandika, na niliporudi niliweka tarehe mpya kwenye ukurasa uliofuata, bila karatasi tupu za kunisuta.

Kwa mwenye maisha yenye zamu na saa zisizobadilika, shajara ya kawaida yenye tarehe itamtosha. Kwa anayeuguza, anayelea mtoto mchanga au anayesubiri jibu lisilo na tarehe, naipendekeza hii kwa moyo wote.

Nimekwisha kununua ya pili. Kurasa za kushoto nimezijaza hadi mwisho wa Februari tu, kwa penseli. Ukurasa wa kulia wa juma la kwanza mama ameomba auandike mwenyewe. Herufi zake bado ni kubwa na zimelala upande, na maneno manne yameuchukua ukurasa mzima.