Ubuntu Pro kwenye seva kuukuu: naipa nyota nne

Tovuti ya wauza dagaa wa Kibirizi ninayoitunza hapa Kigoma iko kwenye seva ya Ubuntu 18.04 (mfumo endeshi) yenye PHP 7.2, lugha ya programu inayoendesha kurasa zake. Waundaji wa PHP hiyo waliacha kuirekebisha Novemba 2020, na huduma ya kawaida ya Ubuntu 18.04 ikaisha 2023. Kuhama ni kuandika upya karibu nusu ya tovuti, na wenye mali wameshasema hela hakuna mpaka dagaa wachangamke.

Kwa Ubuntu Pro, huduma ya ziada ya watengenezaji wa Ubuntu, viraka vya usalama (marekebisho ya kuziba matundu) vinaendelea hadi 2028, vya PHP hiyohiyo vikiwemo, na mtu binafsi halipi chochote kwa mashine 5. Unafungua akaunti, unachukua tokeni (msimbo wa kukutambulisha), unaiingiza kwa amri moja, basi. Kilichonikosha ni kwamba hawakubadilishii toleo: wanaziba tundu tu, namba inabaki 7.2, kurasa za zamani zinafunguka kama jana.

Ila jamani, msilale. Drupal 7, programu ya kujengea tovuti, kama mliipakua wenyewe haimo humo, na msaada wake rasmi ulikoma 5 Januari 2025. Anayekumbuka tundu la Drupal la Machi 2018, lililomruhusu mgeni kuendesha amri bila nywila, ataelewa kwa nini nasisitiza. Kampuni kama HeroDevs zinaendelea kuirekebisha, kwa malipo. Wateja wangu walipoona bei kwa dola walicheka tu. Kwa hiyo nimewafungia fomu zote za tovuti, wanunuzi wao wanapiga simu.