Feni tano za Arctic P12 kwenye vumbi la Tabora, mwezi wa pili sasa

Wakuu ngoja niseme kuhusu hizi feni za kupoza kompyuta, maana kipindi natafuta maoni ya mtu anayekaa sehemu ya vumbi kama huku sikupata hata mmoja, wote wanapimia kwenye vyumba vya AC. Mi nipo Kiloleni, chumba cha bati, na jua la Tabora la Oktoba mnalijua wenyewe, mchana ukiingia ndani unatamani urudi nje.

Mashine niliiunga mwenyewe. Prosesa ni Ryzen 5 5600 na hitisinki yake (kipozeo) ile ndogo ya kwenye boksi, kadi ya picha ni RX 580 ya mtumba ambayo peke yake inakula kama wati 185, yani ukicheza gemu ni kama umewasha jiko la mkaa ndani ya sanduku. Kesingi ilikuja na feni moja tu nyuma. Prosesa ikawa inagonga digrii 90, na 5600 ikifika hapo inajipunguza spidi yenyewe isiungue, ndo gemu linaanza kukwamakwama na wewe umebaki na kipa tu.

Nikaagiza pakiti ya tano Kariakoo, laki na ushee mpaka inashuka kwenye basi. Ni za milimita 120, pini nne, na kilichonikosha ni kwamba kila feni ina kichwa cha kuchomekea mwenzake, unaziunga mkia kwa mkia zote tano zinaishia soketi moja. Madabodi yangu (ule ubao mkuu wa kompyuta) ya bei chee ina soketi moja tu ya ziada kwa hiyo hapo niliokoka, na zote tano hazifiki hata ampia moja. Taa hazina, kama unataka disko tafuta nyingine.

Kosa langu lilikuwa uvivu. Nikampa fundi mmoja hapa mjini (simtaji) azifunge, akazifunga zote tano zinatoa hewa nje. Zote! Eti joto litoke. Kadi ikashuka kweli toka 86 mpaka 79, nikalipa nikaondoka na furaha zangu, wiki mbili mbele nafungua ubavu aisee nikadhani nimefungua gunia la unga. Ukitoa hewa tu bila kuingiza, kesingi inavuta ya kufidia popote penye upenyo, matundu ya nyuma, kwenye yuesibii, na huko kote hakuna chujio.

Upande wa feni wenye vijiti vilivyoshika mota ndo upepo unatokea huko, kama huamini sogeza tishu. Nikazigeuza mwenyewe, tatu mbele zinaingiza, moja nyuma na moja juu kwa nyuma zinatoa. Ile ya juu mwanzo niliiweka upande wa mbele ikawa inaiba hewa ya baridi kabla haijafika kwa prosesa, prosesa ikapanda digrii mbili, nikairudisha. Sasa kadi 73, prosesa 77, chumba kilekile, saa nane mchana.

Ila kilichonishangaza zaidi ni kioo cha mbele cha kesingi. Kizuri kwa macho lakini kimeziba, feni tatu zinavutia kwenye upenyo wa kidole kimoja! Nikaking'oa, nikajaribu chandarua matundu makubwa, nikaishia kuvalisha soksi ndefu ya wife ile nyepesi (nimeshagombezwa tayari), kadi ikashuka 68. Kila Jumapili naivua nakung'uta.

Kelele: kwenye bayosi (mipangilio ya ndani ya kompyuta) nimeziweka asilimia 35 mpaka prosesa ifike 60, zikiwa hapo husikii kitu. Zikipanda mpaka mizunguko 1800 kwa dakika unazisikia, ila hizo ni feni bana.

Feni nyota tano. Fundi mbili, maana waya alizibana vizuri kwelikweli. Kioo kipo uvunguni, anayetaka cha kunyolea ndevu aje achukue.