Nilinunua sproketi, nikapewa na matusi

Sijui nianze na sproketi au na mdomo wa yule muuzaji. Tuanze na mdomo.

Duka liko Mwanga, hapa Kigoma, jina nalihifadhi. Nilifika na sproketi yangu ya zamani mkononi, lile duara la meno la tairi la nyuma la pikipiki linalovutwa na cheni, meno yamelika yakapinda kama ndoana za migebuka. Nikasema, "Bosi, naomba nilinganishe kwanza kabla sijalipa." Kulinganisha tu! Idadi ya meno, na yale matundu ya bolti. Akaninyang'anya mpya, akairudisha kwenye boksi: "Ukitaka kuhesabu meno nenda hospitali." Duka zima likacheka. Na mimi, mjinga, nikacheka nao, nikatoa 28,000 ya seti nzima na cheni yake.

Kwa fundi matundu yakakataa. Akachukua tupa, akayatanua, "itakaa tu hii." Ikakaa, lakini imehama katikati: ukizungusha tairi cheni inakaza kama kamba ya nanga, ukifika nusu inalegea, inaning'inia. Mwenye akili angerudi dukani siku ileile. Mimi niliona aibu ya kuchekwa mara ya pili.

Haukupita muda mrefu, natoka Kibirizi na mama mmoja na viroba vyake viwili vya dagaa, tuko katikati ya mlima, kaa! Cheni imechomoka, pikipiki inarudi nyuma. Nikakanyaga breki, nikatupa miguu chini. Mama alishuka kabla sijasema kitu. "Mwanangu, na hawa dagaa nitawauza saa ngapi?" Nikampigia mwenzangu aje ampeleke, na nauli ikaenda naye. Kuangalia sproketi kubwa, meno yamelala upande mmoja, chuma laini kama kijiko cha bati. Labda tupa ya fundi nayo ilichangia. Labda. Ila tupa ilitoka wapi kama matundu yangelingana?

Sasa niseme na hili. Pinioni waliyonipa kwenye seti, lile duara dogo la meno linalokaa kwenye injini na kuvuta cheni, ilikuwa ya meno 14, yangu ya zamani 15. Kosa lao jingine hilo. Kwa sproketi kubwa ya meno 42, pinioni inazunguka mara 3 tairi likizunguka mara moja, badala ya 2.8. Kwenye lami ya Mwandiga injini inalia mpaka unaionea huruma, na mafuta unayaona yanavyokwenda. Lakini mlimani, jamani! Pale nilipokuwa nashuka gia namba moja, sasa nakwea na namba mbili, na mzigo juu. Sproketi yao nimeitupa, nimefunga nyingine niliyoihesabu meno kaunta ya duka jingine, na hakuna aliyenicheka. Pinioni yao siitoi.

Kwa hiyo nyota moja. Haya, mbili, ya pili ya pinioni. Hapana, moja, nikikumbuka kile kicheko.

Juzi nilipita palepale, balbu tu. Akaniuliza, "Vipi, meno yanasemaje?" Nikalipa haraka, nikaondoka bila kuhesabu chenji. Kufika kijiweni, imepungua 500.