Kiboksi cha dawa cha wiki nzima: maoni ya mtumiaji aliyetolewa uvimbe kwenye ubongo

Nazungumzia kile cha plastiki chenye safu mbili, asubuhi na usiku, vyumba 14. Nilikinunua duka la dawa Kariakoo kwa shilingi 7,000. Kwa anayekunywa panadol akiumwa kichwa tu, hiyo ni pesa ya kutupa.

Mimi ni fundi cherehani. Nilipasuliwa Muhimbili, pale MOI, taasisi ya mifupa na ubongo, nikapigwa mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani, wiki 6, Jumatatu hadi Ijumaa, kichwa kimebanwa kitandani na barakoa ya plastiki ngumu. Zikafuata kapsuli za kemo, yaani dawa ya saratani, siku 5 katika kila siku 28. Hayo yamekwisha, na watu wakisikia yamekwisha wanadhani nimeshakuwa yule wa zamani. Kilichobaki ni kipimo cha picha ya ubongo, MRI, kila baada ya miezi 3, uchovu unaoingia mchana bila hodi, mkono wa kushoto unaogoma kuongoza kitambaa, na dawa ya kuzuia kifafa, levetirasetamu, saa mbili asubuhi na saa mbili usiku. Hiyo haina mzaha. Ukiruka dozi, degedege linaweza kurudi. Na kumbukumbu iliyoumia ni ya mambo ya sasa hivi: bei za vitenge vya miaka ile ninazo zote kichwani, ila kama nimemeza kidonge kabla ya chai au la, niulize ukuta.

Kiboksi kinamaliza huo ubishi. Chumba kitupu, umekunywa. Kidonge kimo, hujanywa.

Lakini ninachokisifia zaidi ni kazi kiliyoifanya kati yangu na marafiki zangu. Kabla yake kila aliyepiga simu alianza na "Umekunywa dawa?" Shoga yangu wa tangu utotoni, jirani, mwenzangu wa kibandani, wote. Wanauliza kwa mapenzi, sikatai, ila mtu mzima mwenye watoto wake akiulizwa hivyo kutwa nzima anachoka. Tulifika mahali pa kununiana. Sasa kiboksi kinakaa juu ya friji. Mtu akienda kuchukua maji anakitupia jicho, anajua, anarudi tunaendelea na umbea wetu. Asubuhi nakipiga picha natuma kwenye kundi letu la WhatsApp. Nikikawia, jirani anagonga, na mara nyingi haji mikono mitupu, anakuja na chapati.

Jumapili shoga anakuja kukijaza. Mimi nasoma karatasi ya daktari, yeye anahesabu. Tulipokuwa tunapunguza deksamethasoni, dawa ya kushusha uvimbe wa ubongo, ndipo nilipokiheshimu: dawa ile haiachwi ghafla, inashushwa pole pole, leo kidonge kizima, wiki ijayo nusu. Bila vyumba vile tungepigana. (Ndiyo iliyonivimbisha uso ikanifanya niamke usiku wa manane kutafuta ugali uliolala. Shoga bado ananicheka.)

Kasoro zipo. Herufi za siku ni za Kiingereza, moja moja, kwa hiyo kuna S mbili na T mbili. Aliyebuni hivyo hajawahi kupasuliwa kichwa. Tulibandika plasta juu tukaandika siku kwa kalamu ya wino. Vifuniko navyo ni vigumu mno kikiwa kipya. Kwa mkono mmoja dhaifu ilibidi nikikandamize kifuani. Baadaye vimelegea, na sasa tatizo ni upande wa pili: mtoto mdogo anavifungua bila shida. Ndiyo maana kiko juu ya friji.

Si kila dawa inawekwa humo. Kapsuli za temozolomidi, ile kemo yangu, hazifunguliwi wala hazitafunwi, na zikae kwenye chombo chake, mbali na mikono ya wengine. Wiki ya kemo tuliweka kipande cha kitambaa chekundu ndani ya chumba, kunikumbusha niende kwenye kopo lake. Anayetumia valproeti, dawa nyingine ya kifafa, ajue vidonge vile vinanyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya pwani ndiyo kabisa. Kata kipande cha pakiti, kidonge kikiwa ndani ya karatasi yake, usikimenye.

Rafiki yangu aliyeko Muscat alinitumia cha kengele. Kizuri kwa macho, lakini kinalia hadi ukifungue, na kililia msibani katikati ya dua. Kipo kabatini.

Ukienda kununua hiki cha kawaida, usilipe kwanza. Fungua na funga vifuniko vyote palepale dukani, kwa mkono wako ulio dhaifu. Muuzaji akinuna, mwache anune.