Chopsi za kitimoto: suvidi kwanza au mkaa moja kwa moja?

Huu ubishi hapa Dodoma kila wikendi hauishi. Suvidi ni unafunga chopsi kwenye mfuko usio na hewa, unazamisha kwenye maji ya nyuzi 60 saa moja na nusu hivi, ukizitoa unazifuta zikauke kabisa (ukiruka hapo hazishiki rangi, zinatoa mvuke tu) halafu mkaa mkali dakika moja kila upande, ndani laini balaa. Ila kifaa cha umeme cha kushikilia joto la maji ni hela, na LUKU ikiisha katikati umeumia. Mkaa tu ni rahisi, ule moshi hauna mpinzani, shida ukipiga stori kidogo chopsi nyembamba ishakauka. Kama ni nene na una muda, suvidi. Wageni washafika na njaa? Washa jiko, katakata ndimu na pilipili.