Programu ya kuhariri picha ghafi: angalia faili la kamera yako kabla ya kutoa pesa

Kadi ilikuwa na picha 1,380 za harusi, na programu yangu haikufungua hata moja.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, nyumbani Nyakato, Mwanza. Usiku wake nilikuwa nimepiga harusi kwa Canon R6 ya kuazima, kwa kuwa kamera yangu, 6D, ilikuwa kwa fundi. Kwenye folda ya laptopu nikaziona picha zote zimejipanga, ndogondogo na safi: bibi harusi, keki, mama mzazi akifuta machozi wakati wa kumkabidhi mwanawe. Nikaziingiza kwenye programu ya kuhariri niliyokuwa nimeizoea miaka mingi. Ikasema haitambui aina hiyo ya faili. Nikazima mashine, nikaiwasha, nikadhani kadi imekufa. Nikampigia mwenye kamera, akaniuliza swali moja: "Kaka, hebu angalia mwisho wa jina la faili. Pameandikwa CR2 au CR3?"

Swali hilo ningependa kila mpigapicha wa Mwanza ajiulize kabla ya kulipia programu yoyote. Huwa tunauliza ipi nzuri, ipi rahisi, ipi anatumia yule ambaye picha zake za Bismarck Rock, lile jiwe la ziwani, zinatoka vizuri. Hatuulizi kama inalisoma faili la kamera yetu, na kama inalisoma vizuri, maana kufungua ni jambo moja na kufungua vizuri ni jingine.

Kwanza, kamera yako inaandika nini?

Faili ghafi ni lile linaloandikwa ukiweka kamera kwenye RAW: taarifa za kihisio (kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga) kama zilivyo, kabla kamera haijapika rangi na kubana. Kila kampuni ina aina yake, na aina hizo hubadilika bila kutangazwa sokoni.

Canon waliandika CR2 kwa miaka mingi. 5D Mark II, 5D Mark III, 6D, 80D, zote ni CR2, na karibu kila programu inazifungua. Mwaka 2018 wakaleta CR3 kwenye EOS M50, na tangu hapo R, RP, R6, 90D na 250D zinaandika CR3. Programu iliyotoka kabla ya hapo na haisasishwi tena haiwezi kulijua faili hilo. Lightroom 6, kwa mfano, ile iliyokuwa inanunuliwa mara moja, ilipata sasisho lake la mwisho Desemba 2017. Wapo wanaoitumia mpaka leo, na ukiwa na 6D inakutosha. Siku utakayonunua R, imekwisha kazi.

Na zile picha ndogo unazoziona kwenye folda zisikudanganye. Ndani ya kila faili ghafi kamera huweka pia JPEG ya kuonyesha. Kuiona hiyo si ushahidi kwamba programu yako inasoma faili lenyewe.

Nikon ni NEF. D750 au D7000 haitakupa shida popote. Kwenye Z8, Z9, Zf na Z6III kuna ubanaji unaoitwa High Efficiency, unaopunguza ukubwa wa faili sana, ila darktable, programu ya bure nitakayoieleza huko chini, haiusomi. Ukiwa na kamera hizo na unategemea darktable, ingia kwenye menyu uchague ubanaji wa Lossless, usiopoteza kitu. Sony ni ARW, na kwa A7 III sijaona mtu akipata tabu. Fujifilm ni RAF, nayo nitaisema peke yake huko chini kwa sababu ina mambo.

Sasa programu zenyewe, nikizipanga kwa mtu anayeishi kwa harusi, sendofu na kitchen party hapa mjini.

1. Lightroom Classic

Naiweka ya kwanza kwa sababu ya wingi wa kazi. Ukitoka ukumbini na picha 1,380, karibu GB 30 kwa R6, unahitaji kuchambua, kurekebisha moja, kisha kupeleka marekebisho hayo kwenye nyingine 60 zilizopigwa chini ya taa ileile. Hapo sijaona ya kuishinda. Inasoma CR2, CR3, NEF pamoja na zile za High Efficiency, ARW na RAF, na kamera mpya huongezwa mapema.

Ubaya wake ni malipo. Hainunuliwi, inakodishwa kwa mwezi au kwa mwaka, kwa dola, kwa hiyo shilingi ikiteleza na gharama yako inapanda. Unahitaji kadi ya Visa au Mastercard, ya benki au ile unayotengeneza kwenye simu. Soma vizuri kabla ya kubonyeza: mpango wa mwaka unaolipwa kila mwezi si sawa na mpango wa mwezi, na ukiukatisha katikati unaweza kutozwa sehemu ya miezi iliyobaki. Ukiacha kulipa, picha zako haziendi popote. Katalogi, yaani orodha ya picha na marekebisho yako ndani ya programu, inafunguka na unaweza kuzitoa, ila sehemu ya kuhariri inafungwa.

Wengi huniuliza kama lazima uwe na bando kila siku. Hapana. Programu inakaa kwenye mashine yako. Mwenye mpango wa mwaka anaweza kukaa hadi siku 99 bila intaneti, wa mwezi siku 30. Ukienda Ukerewe wiki mbili kupiga harusi, unafanya kazi Nansio bila wasiwasi.

Kuhusu umeme: Lightroom huweka kazi yako yote kwenye faili moja la katalogi. Umeme ukikatika vibaya na betri ya laptopu imechoka, katalogi inaweza kuharibika. Ikikuuliza kama ihifadhi nakala wakati wa kufunga, kubali, na nakala hiyo ikae kwenye diski ya nje.

2. darktable

Hii ni ya bure kabisa, kihalali, kwa Windows, Mac na Linux. Nimeipanga ya pili na ninaipenda kuliko nafasi niliyoipa. Kinachoishusha ni ugumu wa wiki za mwanzo: vitufe ni vingi, majina ni ya kitaalamu, na picha ikifunguka mara ya kwanza inaonekana imefifia ukilinganisha na ile ya kwenye kioo cha kamera. Wengi huiacha hapo. Vumilia.

Sababu ni taa za ukumbini. Siku hizi kila ukumbi una taa za LED za zambarau na bluu, na MC hapendi zizimwe. Sura nyeusi chini ya bluu kali hupata mabaka: shavu moja linakuwa bluu tupu isiyo na umbo, kana kwamba limepakwa rangi ya ukutani. Yule mama wa bibi harusi niliyemtaja, picha yake nzuri kuliko zote ilikuwa hivyo upande wa kushoto wa uso. Nilihangaika nayo kwa kubadilisha mizani ya weupe (white balance), uso ukawa wa kijivu. Baadaye nikaifungua darktable, sehemu ya kusawazisha rangi, ambako kuna kitelezi cha kubana rangi zilizopitiliza mipaka. Nikakipandisha taratibu. Bluu ikarudi nyuma, na chini yake mstari wa chozi ukaonekana, kisha mkunjo wa tabasamu karibu na mdomo. Vilikuwemo ndani ya faili muda wote. Mama alipopokea albamu aliikalia picha hiyo muda mrefu, akasema, "Mwanangu, hapa ndipo mimi."

CR3 inasomwa kuanzia toleo la 3.8, kwa hiyo usikubali kunakiliwa toleo la zamani kutoka kwenye flashi ya mtu. Pakua la sasa mwenyewe. Jambo jingine zuri kwa mji wa umeme wa kukatika: marekebisho ya kila picha yanaandikwa kwenye kijifaili chake kidogo kando ya picha hiyo, kwa hiyo hitilafu moja haiondoki na harusi nzima.

RawTherapee nayo ni ya bure na ina ubora wa juu wa kutoa maelezo madogo ya picha. Kwa harusi naiona nzito kidogo. Kwa picha chache za mandhari, jaribu.

3. Capture One

Kwa mwenye Fujifilm, hii ndiyo ya kwanza, na hapa lazima nieleze.

Kihisio cha kamera nyingi kina vichujio vya nyekundu, kijani na bluu vilivyopangwa kwa mraba wa nukta 2 kwa 2 unaojirudia. Fujifilm kwenye X-T3, X-T30 na ndugu zake hutumia mpangilio wao, X-Trans, wa 6 kwa 6. Programu inayobuni rangi ya kila nukta kwa hesabu ya mraba mdogo inachanganyikiwa, na matokeo yake, hasa ukipandisha ukali, ni vistari vilivyopindapinda kama minyoo. Kwenye sura ya mtu huvioni. Kwenye majani, nyasi na nywele unaviona.

Mimi niliviona kwenye dagaa. Nilikuwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, asubuhi, dagaa wamemwagwa kwenye turubai wanang'aa kama bati jipya. Nikapiga kwa X-T30 ya rafiki. Nyumbani, kwenye programu niliyokuwa naitumia siku hizo, nikakuza picha: kila dagaa alikuwa amekatwakatwa vistari, jicho halionekani wala mkia. Faili lilelile ndani ya Capture One likatoa kila dagaa na jicho lake, na mstari wa fedha ubavuni. Tangu hapo siibishii.

Inauzwa kwa usajili au kwa leseni ya kudumu, na zote ni ghali. Kama una Lightroom tayari na Fujifilm, usikimbilie kununua. Punguza ukali, usisukume kitelezi cha Detail, au tumia uboreshaji wa Raw Details uliomo humo. Kwa picha za watu itakutosha. Na kabla ya yote hayo, hakikisha kamera yako ina X-Trans kweli, kwa sababu X-A na X-T200 zina mpangilio wa kawaida na hazina tatizo hili.

4. Programu za wenye kamera

Canon wana Digital Photo Professional, Nikon wana NX Studio, Sony wana Imaging Edge Desktop. Zote ni bure, na zinatoa rangi zilezile ulizoziona kwenye kioo cha kamera. Kwa Canon utaombwa namba ya kamera ili upakue, nayo huandikwa kwenye mwili wa kamera. Zinakwenda polepole ukiwa na picha mamia, kwa hiyo kwangu ni za picha 20 za familia kisiwani Saanane, si za harusi. Fujifilm X RAW Studio inatumia mtambo wa kamera yenyewe kupitia waya, kwa hiyo kamera ikiwa ya kukodi na umeshairudisha, huna kitu.

5. DxO PureRAW

Hii haichukui nafasi ya nyingine. Unaipa faili ghafi, inaondoa chenga na kasoro za lensi, inakurudishia DNG, faili ghafi la aina ambayo programu nyingi husoma, unayoihariri kwingine. Mwenye 5D Mark II anayelazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, usiku atafurahi. Inataka kompyuta yenye kadi ya michoro ya maana. Kwenye laptopu ya kawaida ya Core i5, picha moja inaweza kukukalisha dakika nyingi.

Ambayo siiweki kwenye orodha ni ile ya kukraki inayouzwa kwa flashi. Huwa ni toleo lililogandishwa, halipati sasisho za kamera mpya, na wengi huipata pamoja na virusi vinavyofunga mafaili ya wateja. Harusi ya mtu hairudiwi.

Kama leo huna pesa na una CR3 mkononi, fanya nilichofanya Jumapili ile. Pakua Adobe DNG Converter, ni bure, inageuza CR3 na nyingine nyingi kuwa DNG zinazofunguka hata kwenye programu ya zamani. Ilinichukua mchana kutwa, umeme ukakatika mara mbili, lakini Jumanne familia ilipata picha za kuonja. Usifute CR3 zako baada ya kugeuza.

Na kabla ya kulipia, chukua siku za majaribio, Lightroom inatoa 7. Tumia mafaili matatu ya kamera yako mwenyewe: uso chini ya taa za zambarau, machweo ziwani yenye jua ndani ya fremu, na picha ya ISO 6400 ya mitumbwi ya dagaa na taa zake usiku. Yakuze hadi asilimia 100 kwenye laptopu utakayofanyia kazi, si kwenye ya rafiki.